Vikombe vya Verna

Mzee mmoja alibisha mlango wa jikoni Jumamosi asubuhi, tukiwa tunafungasha vitu vya marehemu bibi. Hatukumjua. Alivaa suti nzito katika joto la Agosti.

Alisema anaitwa Orville Hastad, wa mashambani ng'ambo ya ziwa, na amekuja kumkumbusha Bibi Solveig ahadi yake. Nilipomwambia tulimzika mwezi wa tano, alivua kofia, akaomba radhi, akageuka kuondoka.

Nikamuuliza ni ahadi gani. Akanieleza kwamba bibi ndiye aliyetengeneza vikombe vya kuliwa, vya chokoleti tupu, kwenye harusi yake na Verna, miaka hamsini iliyopita, ukumbini chini ya kanisa. Sasa Verna yuko katika nyumba ya wazee, chakula hagusi, lakini vikombe vile bado anavitaja. Bibi aliahidi kumi na viwili kwa siku ya kutimiza miaka hamsini ya ndoa yao. Siku yenyewe ilikuwa leo.

"Njoo saa kumi, mzee," nikasema. "Vitakuwa tayari."

Kaka yangu Leif alikuwa akipakia mizigo yangu kwenye lori. Saa sita tulipaswa kuanza safari ya Chicago, ambako Jumatatu ningesimama mbele ya darasa langu la kwanza.

"Wewe yai tu kuchemsha linakushinda," alisema. "Na mimi sisubiri mtu. Lori ni la kukodi."

"Tangulia. Nitapanda basi."

"La kesho usiku? Utawafundisha watoto wa watu kukoroma."

Nilipuliza maputo madogo, kila moja kama ngumi, ya kuchovya kwenye chokoleti ili igande juu yake iwe kikombe. Zamani hiyo ilikuwa kazi yetu wajukuu. Bibi aliyeyusha chokoleti juu ya mvuke na kutufukuza tukiwa na mikono yenye maji, maana tone moja tu huigandisha ikawa kama mchanga. Mimi nilikuwa na haraka, sikungoja ipoe. Puto la kwanza nililochovya lilipasuka, chokoleti ikaruka hadi dari. La pili vilevile. Leif alichungulia, akanitazama usoni, akashindwa hata kunitania. Alinikumbatia, akachafuka shati, akaondoka.

Nyumba ikanyamaza. Nikakumbuka jinsi bibi alivyotupanga mstari na kutupaka chokoleti kidogo kwenye mdomo wa chini. Ukisikia moto, alisema, ngoja. Ukisikia baridi, umechelewa. Usiposikia kitu, chovya.

Nikajipaka, nikangoja. Nikajipaka tena, na tena, mpaka sikusikia kitu.

Nilichovya maputo hadi nusu, nikayasimamisha kwenye karatasi ya nta, nikayaingiza kwenye friji. Chokoleti ilipoganda nilitoboa kila puto karibu na fundo kwa pini, hewa ikatoka polepole. Vikombe viwili vilivunjika, nikaviyeyusha na kuanza upya. Saa kumi kasoro dakika chache nilijaza krimu na matunda ya rasiberi kikombe cha kumi na mbili. Kilikuwa kimepinda kidogo.

Mzee Orville alikuja kunichukua, akaendesha gari kama aliyebeba watoto wachanga, nami nimepakata sinia. Verna alikuwa dirishani, mwembamba, nywele zimechanwa vizuri. Alivitazama vikombe kwa muda mrefu.

"Solveig mwenyewe yuko wapi?"

Mzee Orville alinigeukia, macho yamejaa machozi.

"Amenituma mimi, bibi," nikasema.

Akachukua kimoja kwa mikono miwili, akala.