Kengele ya Ukurasa Uliofungwa

Binti yangu aliandika kwa Objective-C, lugha ya kompyuta, programu ya kukumbusha dawa, akaiweka kwenye simu yangu na ya kaka yangu. Leo kengele ya kidonge cha presha ililia, nikameza. Kabla sijashusha kikombe, ikalia tena.

"Mama, ule ukurasa wa programu uliofungua jana, uliufunga?" binti yangu akauliza.

"Niliufunga. Au umenitilia jini humu?"

"Si jini. Ukurasa umeishika saa ya ndani inayopiga kengele, saa nayo imeung'ang'ania ukurasa, kwa hiyo simu haiufuti. Ukifungua mwingine, zinalia kengele mbili. Saa ilipaswa kuushika kwa ulegevu, ili ukiufunga ufutike."

Akaanza kurekebisha. Mimi nilimwaza kaka, anayemeza kidonge cha presha kila ikilia.

"Mpigie mjomba wako kwanza."

Simu iliita mpaka ikakatika. Nikavaa viatu, nikatoka nikimwomba Mungu nimkute amelala tu.