Kitambaa Chekundu cha Baba Gift

Ukiniuliza mume wangu ni mtu wa namna gani, nitakwambia ni mtu wa kujisikia. Mchapakazi, kanisani hakosi, watoto wake anawapenda, lakini kujisikia! Hasa ukimgusia upinde wake. Hapa Mnyambe ukisema nguruwe pori wameingia kwenye mihogo, watu wanakujibu nenda kwa Nikolao. Basi hapo ndipo anapovimba.

Mwaka juzi jirani yetu Bonifasi alipoteza mshale wa sumu huko bondeni. Mbwa wake mwenyewe akaupitia, akakwaruzwa mguu tu, na hakufika nyumbani. Nikolao alimsimamisha yule bwana mbele ya watu, akamwambia mwanaume asiyejua mshale wake ulikoangukia atundike upinde akalime. Nilikuwepo. Niliona aibu kwa niaba ya mke wa Bonifasi.

Sasa wawindaji wa kwetu wana desturi yao. Mshale wa sumu haubebwi hivihivi. Ncha inazungushiwa kitambaa na kufungwa, isije ikamkwaruza mtu. Mwindaji akitaka kupiga anakifungua kile kitambaa, anajifunga nacho kwenye kifundo cha mkono, na hakitoki pale mpaka mshale urudi. Akila kiko mkononi, akilala kiko mkononi. Cha Nikolao ni chekundu, nilimchania mwenyewe kutoka kwenye kanga yangu iliyochakaa. Kuchana kitambaa ninaruhusiwa. Kugusa mshale wenyewe, mwanamke ni marufuku, hata podo lake la mishale nikifagia nalizunguka.

Asubuhi hiyo tulikwenda shambani kuokota korosho. Nikolao alikuwa ametangulia kungali giza, maana nguruwe walikuwa wametuvurugia mihogo na mabibo, matunda ya mikorosho, usiku kucha. Mimi nilifuata na wanawake wenzangu wa jirani, Mama Yoeli, Mama Haji na wengine, pamoja na binti yangu Gift aliyembeba Oscar mgongoni. Oscar ni mjukuu wangu wa kwanza, wakati huo hata kukaa alikuwa hajui. Tukamtafutia mkorosho uliokwisha kuangusha, usio na bibo hata moja juu, ili asidondokewe na kitu. Gift akatandika kanga chini yake, akamlaza. Kisha tukatawanyika, kila mtu na ndoo yake, migongo imeinama, majani makavu yanatufika kwenye vifundo vya miguu.

Nikamwona Nikolao anakuja kati ya mikorosho, upinde begani, anachokonoa majani kwa fimbo.

"Shikamoo, baba," Gift akamwamkia.

"Marahaba," akajibu bila kuinua uso.

Nilitaka kumtania. Nikamwambia, "Leo vipi, umemkimbiza nguruwe au amekukimbiza yeye?" Akanyanyua mkono kunizuia nisiendelee, na mkononi nikaona kile kitambaa chekundu. 

Nikamsogelea. "Baba Gift, mshale uko wapi?"

"Sema polepole. Nautafuta."

"Uliupiga kuelekea wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Ni kulekule walikokuwa wanawake, wengine na ndala, wengine pekupeku.

"Na umetuacha tuingie?"

"Nilijua nitauona kabla hamjafika. Usipige kelele, Mama Gift. Watu watasikia."

Watu watasikia! Jamani! Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nikapiga kelele ambayo nadhani hata barabarani ilifika: "Simameni! Kila mtu asimame hapohapo alipo! Asinyanyue mtu mguu, kuna mshale wa sumu kwenye majani!"

Kila mtu akasimama alipo. Mama Yoeli mguu mmoja ulikuwa juu.

"Niuweke wapi huu, Mama Gift?" akauliza kwa sauti nyembamba.

"Pale ulipoutoa."

"Sasa mimi nitajuaje nilipoutoa?"

Siku nyingine tungecheka. Hakucheka mtu. Akaushusha taratibu, huku amefumba macho. Gift alikuwa amegeuka kuelekea kule alikolala Oscar, na kati yake na mtoto palikuwa na majani matupu.

"Mama, mwanangu."

"Amelala, hatembei," nikamwambia. "Kati yetu sote hapa, yeye ndiye aliye salama. Usimfuate."

Ni Mama Haji aliyemwambia Nikolao, "Si urushe mwenzake, baba." Hilo hata watoto wa kwetu wanalijua. Mshale ukipotea, unarudi ulipokuwa umesimama, unarusha mwingine wa urefu uleule kwa namna ileile, unakwenda kutazama ulikoangukia. Nikolao akatoa mshale usio na sumu, akaung'oa chuma, akachomeka gunzi la hindi mahali pake usije ukamdhuru mtu. Akarudi kwa njia aliyojia mpaka mpakani mwa mihogo. Akasimama wima, kifua mbele, akavuta ugwe, akaachia.

Lo, ulikuwa mshale mzuri! Ulipita chini, umenyooka, katikati ya mikorosho miwili, ukagonga kichuguu. Wanawake wakaguna kwa kusifu, hata katika hofu ile. Nikolao akauendea akipapasa kwa fimbo, akageuza kila jani kuzunguka kile kichuguu. Akaliokota gunzi lake. Kitu kingine hakukiona.

Jua likawa kali. Upepo ukaanza, ule unaopanda kutoka bonde la Ruvuma, na majani yakawa yanajifunua na kujifunika miguuni mwetu. Oscar akaamka, akaanza kulia. Mwanzo kilio kidogo, kisha kile cha njaa.

"Mama, nakwenda," Gift akasema.

"Usithubutu! Ukikwaruzwa, huyo atanyonya kwa nani?"

Gift akabaki analia, na maziwa yamelowanisha blauzi yake. Na mimi nikimtazama baba yake pale kwenye kichuguu, anavyojipangusa jasho, nikaelewa. Mshale ule ulikuwa mzuri mno.

Nikolao aliwahi kuanguka na pikipiki alipokuwa anatoka Masasi, akaumia bega la kushoto, mkono wa kushikia upinde. Tangu hapo kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Mkono ukikaa juu unatetemeka, na ukitetemeka unapanda wenyewe. Hajamwambia mtu. Hata mimi hakuniambia, ila mimi ndiye ninayemmiminia chai.

"Baba Gift!" nikamwita. "Huo si mshale wa asubuhi!"

"Ndivyo nilivyopiga."

"Uongo! Huo umewapigia hawa wanaokutazama. Piga kama ulivyopiga ulipokuwa peke yako!"

Wanawake wakainamisha macho. Nikolao akanikazia uso, nikajua leo natukanwa mbele ya majirani. Potelea mbali.

"Mkono wako unatetemeka," nikasema. "Naujua. Asubuhi ulimngoja nguruwe ageuke, ukachoka, ukatetemeka. Sasa uache utetemeke, mjukuu wako analia!"

 Akageuka, akarudi mpakani mwa mihogo. Safari hii kifua hakukitoa. Akavuta ugwe, akakaa hivyo, kama mtu anayemngoja mnyama ageuze ubavu. Akaendelea kukaa. Nikauona mkono unaanza, kwanza kidogo, kisha upinde mzima ukawa unatikisika na kupanda. Mama Haji akageuza uso asione. Nami nilimhurumia mume wangu kuliko siku yoyote tangu anioe, lakini sikumwambia aache.

Akaachia. Mshale ukapanda juu, ukapita juu ya kichwa cha Gift, ukaingia kwenye matawi ya ule mkorosho aliolazwa Oscar.

Gunzi likagonga kitu huko juu. Kah! Ndipo sote tukainua vichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Korosho haichumwi, inangojwa ianguke, na sisi watu wa korosho tukiingia shambani macho yetu yako chini. Hakuna aliyefikiria kutazama juu. Mshale wa asubuhi ulikuwa kule, umenaswa manyoya yake kwenye vijiti viwili, ncha imeelekea chini, na sasa gunzi lilikuwa limeutikisa, unabembea. Chini yake ilikuwa kanga, na juu ya kanga Oscar anarusha miguu.

Basi ardhini hakukuwa na kitu, hatari yote ilikuwa juu ya yule mtoto. Gift akakimbia, mimi nikakimbia, mimi nilikuwa karibu zaidi. Nilifika kwa magoti, nikamzoa Oscar pamoja na kanga yake, nikajitupa upande wa pili. Nyuma yangu nikasikia majani yanachakarika na kitu kinachoma ardhi. Nilipogeuka, mshale ulikuwa umesimama palepale palipokuwa na kichwa chake.

Nikamvua nguo zote mtoto, nikamkagua ngozi mwili mzima, mpaka katikati ya vidole. Hakuwa na mkwaruzo. Nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Nikolao akaja.  Akaung'oa mshale ardhini, akakifungua kile kitambaa kwa meno, akajaribu kuizungushia ncha. Mkono ukawa unacheza. Kitambaa kikaanguka. Akakiokota, akajaribu tena, na ncha ikawa inapita karibu kabisa na vidole vyake. Wanawake wote wamesimama wanamtazama.

Akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu, mshale mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili.

"Nifungie, Mama Gift," akasema. "Mimi siwezi."

Nilikuwa na maneno ya kumwambia, tena mengi, nilikuwa nimeyapanga tangu nilipoona chekundu. Nikayaacha. Nikampa Gift mwanawe, nikaupokea mshale, mimi mwanamke, mbele ya watu, na hakuna aliyeguna. Nikaizungushia ncha kitambaa changu, nikafunga, nikakaza, nikafunga tena juu yake.

Jioni alikwenda kwa Bonifasi, akakaa huko mpaka chakula kikapoa. Sikumuuliza walichozungumza. Nguruwe bado wanakuja kwenye mihogo, tunawafukuza kwa kugonga madebe, mimi na yeye, na Oscar siku hizi anagonga sufuria lake. Upinde uko ukutani. Mshale uko kwenye podo pembeni yake, na fundo nililofunga siku ile hajalifungua.