Kijito cha Mwazye Chashuka Kazini

Boza lilipita saa nne asubuhi, kama kawaida yake, likiimwagia barabara maji. Dereva alikwenda taratibu ili kifusi kilowe vizuri kabla rola halijaja kukishindilia. Vibarua walisogea pembeni na masururu yao, wakasikiliza maji yakimwagika juu ya udongo mwekundu, kisha wakarudi kazini. Hakuna aliyeruhusiwa kukinga hata kikombe. Maji yale yalikuwa ya barabara.

Ilikuwa barabara ndogo ya kushuka kutoka upande wa Matai kwenda ziwani. Huko juu Ufipa mtu analima mpaka jua la utosi na jioni bado anatafuta sweta. Lakini kadiri barabara ilivyoteremka ndivyo joto lilivyopanda, na kufikia mwezi wa kumi walikuwa wanachimba mitaro mahali ambapo sururu likiachwa juani halishikiki. Maji ya kunywa kila mtu alibeba ya kwake kutoka kambini, na yaliisha kabla ya boza kupita. Pipa la maji ya kunywa waliloiomba kampuni lilikuwa bado halijaletwa.

Albina alipanga mawe kwenye mitaro pamoja na kaka yake, Teodori. Walitoka Mwazye. Watu walisema kwamba mtaro uliojengwa na ndugu wale wawili hauhitaji kupimwa kwa kamba, unauangalia tu unaona umenyooka. Albina alipenda kusikia hivyo, wala hakujifanya hasikii.

Teodori alianguka Jumanne mchana. Kwanza alisema kichwa kinamgonga. Kisha jasho likamkauka, na akaanza kuzungumza Kifipa na bibi yao aliyefariki zamani, akimwomba radhi kwa kuchelewa kufika shambani. Ngozi yake ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Walimbeba hadi kwenye kivuli cha greda, kivuli pekee kilichokuwa karibu, na mtu akakimbia kuomba maji kwenye boza. Dereva alisema hawezi bila ruhusa ya msimamizi. Msimamizi, Kashinje, alisema hawezi bila ruhusa ya injinia. Injinia alikuwa Sumbawanga. Ruhusa ilipofika, Teodori hakuwa na shida nayo tena. Kampuni ilisema ni malaria, ikatoa gari la kumpeleka nyumbani, na gari lilikuwa limeoshwa vizuri.

Msiba ulipokwisha, Albina alikwenda nyuma ya nyumba yao kukiaga kijito. Kilikuwa kijito chembamba, upana wake haukuzidi kanga iliyokunjwa. Tangu utoto yeye na Teodori ndio waliokuwa wakikitunza. Walizoa majani kwenye chemchemi, walifukuza ng'ombe, waliziba mashimo ya kaa. Albina alichuchumaa akakipa habari za kifo, kwa kuwa kilikuwa mtu wa nyumbani na hakikuwepo makaburini. Akakiambia kwamba anarudi kazini. Mtaro wa Teodori ulibaki nusu, naye hakutaka mtu mwingine aumalize ovyo.

Asubuhi alipoondoka na mzigo wake kichwani, kijito kilikuwa nyuma yake.

Kilifuata njia ya miguu. Penye barabara kubwa kilisubiri lori lipite, kikavuka. Stendi ya Matai konda alikitazama, akatikisa kichwa.

"Dada, wewe panda. Lakini hicho hakipandi, kitalowesha mizigo ya watu."

Albina aliona konda ana haki, akatembea. Njiani watu walimsalimu na kumuuliza kijito kinakwenda wapi.

"Kazini," alijibu.

Kashinje alikuwa amesimama kando ya greda walipofika. Alikiangalia kijito tangu mwanzo mpaka mahali kilipopotelea nyuma ya kilima.

"Mama, hicho ni cha kwako?"

"Ni cha kwetu. Mimi na marehemu."

"Kisije kikaingia kwenye kifusi changu."

"Hakiingii. Kina adabu zake."

Kijito kikateremka ndani ya mtaro wa Teodori, kikalala pale ambapo mawe yalikuwa yamekwisha kupangwa. Vibarua wakaweka masururu chini, wakanywa.

Aliyewafundisha kunywa ni Stumai, mama lishe wa kutoka kijiji cha wavuvi, aliyewapikia uji na ugali chini ya turubai lake. Yeye alizaliwa kwenye joto lile. Siku ya kwanza aliwakuta wamejaza matumbo mpaka wanacheua, akawapigia kelele.

"Msinywe kama ng'ombe waliotoka safarini! Kidogo kidogo, kila mara. Wala msingoje kiu. Ukiisikia kiu, mwili umeshaanza kulalamika."

Akawa anatia chumvi kidogo kwenye uji wa asubuhi. Wanawake walilowesha kanga zao kijitoni wakajifunga shingoni. Jua lilipofika utosini wote waliingia chini ya turubai, na Kashinje alipouliza kwa nini wamekaa, Cornelia, ambaye alikuwa mbeba mchanga na hakumwogopa mtu, alimjibu kwamba wanakaa ili wasimame baadaye. Mtaro ulisonga mbele kuliko ulivyowahi kusonga. Albina alipanga mawe akiwa amesimama ndani ya maji ya kwao, na ikawa kila anayepita anamsalimu yeye kwanza, kisha kijito.

Loth peke yake hakunywa. Alikuwa kijana mwenye kifua kipana, aliyebeba mifuko miwili ya saruji kwa mara moja, na alijisifu kwamba maji yeye hunywa jioni.

"Dada Albina, mimi si mchicha," alisema.

Alhamisi moja alidondosha mifuko yote miwili, akaanza kumwita mama yake. Albina alimshika paji la uso. Halikuwa na jasho.

Safari hii hakuna aliyekwenda kuomba ruhusa. Walimvuta hadi chini ya turubai, wakamvua kizibao na viatu. Kijito kikapanda kutoka mtaroni, kikamlalia mwili mzima, kuanzia kisogoni hadi kwenye visigino, kikipita makwapani kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Cornelia alimpepea kwa mfuniko wa sufuria. Nje, boza lilikuwa linapita tena, na barabara ililowa vizuri.

Loth alifumbua macho.

"Nani ananimwagia maji?"

"Kijito cha Mwazye," Cornelia alisema.

"Mwambieni nashukuru."

Stumai akamnywesha maji yenye sukari na chumvi, kijiko baada ya kijiko, kisha wakampakia kwenye pikipiki kwenda zahanati. Albina alibaki amepiga magoti pale pale. Alikuwa ameona kifua cha mtoto wa watu kikishuka halafu kikapanda tena, na alijisikia mrefu, kana kwamba angesimama angegusa turubai kwa kichwa. Alilia kidogo. Kisha akaenda kumalizia mawe yaliyobaki.

Injinia alikuja mtaro ulipokamilika. Aliinama akautazama kwa jicho moja, kutoka mwisho hadi mwisho.

"Nani kaujenga?"

"Mimi na kaka yangu, Teodori," Albina alisema. Alilitamka jina lote, kwa sauti, mbele ya watu.

"Umenyooka." Injinia akageuka kwa Kashinje. "Na huu mkondo wa maji?"

"Wamekuja nao wenyewe."

"Vizuri sana. Basi lile pipa la maji ya kunywa mlilokuwa mnaliomba halina haja tena."

Kipande cha mwisho cha barabara kilikuwa chini kabisa, karibu na ziwa, penye joto kuliko pote. Kampuni ilitangaza kwamba inaajiri upya. Watu walikuja kutoka kila upande. Mwanamke mmoja wa Namanyere alikuja na wingu dogo lililomwelea juu ya kichwa, na mzee mmoja alikuja amebeba kisima chake kwapani, amekiviringisha ndani ya mkeka. Karani aliketi mezani. Aliuliza jina, akauliza kijiji, kisha akauliza, "Umekuja na maji?" Waliokuja nayo aliwapeleka upande wa kivulini. Wasio nayo, ambao ndio wengi, aliwaambia wasimame juani, wataangaliwa baadaye.

"Jina?"

"Albina wa Mwazye."

Karani alichungulia nyuma yake, akaona kijito kimejikunja kinasubiri.

"Wewe nenda kivulini, mama."

Albina alimshukuru. Akaweka mzigo wake vizuri kichwani, akapita mbele ya meza, akaenda kusimama kwenye mstari wa jua. Kijito kikaenda naye, kikajinyoosha miguuni mwa watu wote mpaka mwisho wa mstari. Wakaanza kuinama mmoja mmoja na kunywa, kidogo kidogo, huku karani akiendelea kuita majina.