Omba kwa Sauti

Kijijini kwetu, kisiwani Savaii, nyumba hazina kuta. Ni nguzo na paa tu, na mikeka ya kushusha mvua ikija. Kwa hiyo mtu akitaka kumwambia Mungu jambo ambalo mama mkwe hapaswi kulisikia, lazima atoke nje. Fuatino alikuwa akienda nyuma kwenye migomba, akijifanya anakata majani ya kufunikia tanuri la mawe.

Mume wake, Sefanaia, alipigwa na kiharusi akiwa bado mtu wa nguvu. Upande wa kulia ukafa wote. Kabla ya hapo alikuwa akimpiga mkewe kwa ngumi. Baada ya hapo alimpiga kwa fimbo yake ya kutembelea, akiishika kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono huo haukuwa na shabaha, fimbo ilimpata popote: sikioni, mgongoni, kwenye vidole akiwa anamlisha. Fuatino alimwogesha, alimgeuza mkekani, alimfulia. Watu wakipita barabarani walisema, "Mwanamke yule atalipwa mbinguni."

Siku moja, kabla ya saa ya sala, aliegemea mgomba akasema kwa sauti, maana alijua yuko peke yake:

"Mungu, mchukue. Nimechoka. Kama humtaki, basi nichukue mimi, lakini usituache wote wawili humu ndani."

Hakuwa peke yake. Mama mkwe wake, bibi Lupesina, alikuwa ameinama kwenye vichaka akiokota makumbi ya nazi ya kuwashia moto. Alisikia kila neno. Alibeba makumbi yake akarudi nyumbani taratibu.

Baragumu la kombe lilipigwa jioni kama kawaida, vijana wakasimama barabarani na fimbo zao kuzuia wapitaji mpaka sala iishe, na kila nyumba ikakaa chini kuomba. Kwa Sefanaia walikuwa wanne: yeye, mama yake, mkewe, na binti yao Tiresa, aliyekuwa ndiyo kwanza amevunja ungo. Waliimba wimbo. Kisha Lupesina akafumba macho.

"Baba wa mbinguni," alisema kwa sauti tamu kabisa, "tunakushukuru kwa chakula. Tunakushukuru kwa mvua. Na tunakuomba umsamehe mtu mmoja aliyekaa mkekani hapa, ambaye leo alikwenda kwenye migomba kukuomba umuue mwanangu. Usimsikilize, Bwana. Muumbue."

Mtu anaweza kumjibu mkwe wake. Lakini nani atakatiza sala? Fuatino alikaa kichwa chini, uso unamuwaka. Alipoinua uso aliona Tiresa amemkodolea macho. Sefanaia naye alikuwa anacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki hai.

"Amina," Sefanaia akasema. "Lete chakula."

Fuatino alipomwekea bakuli la majimbi na tui, Lupesina alilishika. "Onja wewe kwanza, bibie."

"Mama, nimepika mwenyewe."

"Ndiyo maana nasema onja."

Akaonja. Tangu siku hiyo alionja kila mlo mbele ya binti yake, na Tiresa akauhamisha mkeka wake akawa analala upande wa baba.

Jumatano wanawake wa kanisa walikutana kuombea wagonjwa. Lupesina akaomba tena, bila kutaja jina: "Kwa ajili ya dada yetu mmoja ambaye mumewe ni mgonjwa, na moyoni mwake kuna nyoka." Wanawake waliitikia kwa pamoja, kila mmoja akaongeza lake, sauti zikapanda mpaka paa likatetema. "Mtoe nyoka, Bwana! Mponde kichwa!" Aliyekuwa amekaa karibu na Fuatino alimshika bega na kumtikisa kwa nguvu, akilia kwa huruma kubwa, huku kucha zake zikimwingia nyamani.

Kesho yake Fuatino alikwenda kwa mchungaji.

"Baba, wananiua kwa maombi."

Mchungaji alikuwa anakunywa kakao. Akaweka kikombe chini. "Mama, maombi hayajawahi kumdhuru mtu. Dawa ni wewe mwenyewe kusimama kanisani, mbele ya wote, umwombee mumeo maisha marefu. Kila Jumapili. Nyumbani vilevile, kila jioni. Kwa sauti."

Ndivyo ilivyokuwa. Jioni Sefanaia aliisubiri saa ya sala kama wengine wanavyosubiri ngoma. Fimbo aliiweka mapajani.

"Mpe mume wangu maisha marefu," Fuatino alianza.

"Sisikii."

"Mpe mume wangu maisha marefu! Mrudishie nguvu zake!"

"Nguvu zipi? Taja."

"Za miguu. Za mkono wake wa kulia."

"Jana uliomba vizuri kuliko leo," alisema Sefanaia, akamgonga goti. "Rudia."

Na Mungu akasikia. Baada ya mvua za Krismasi mguu ulianza kukanyaga. Akatembea mpaka kisimani, kisha mpaka kanisani, amevaa sketi yake nyeupe ya Jumapili kama wanaume wote wa kwetu, huku watu wakifuta machozi. Sifa zikamwendea Fuatino. Waliompondea nyoka sasa walimwita mama mwenye maombi, wakampeleka kwa watoto wenye homa, wakampa vikapu vya shelisheli.

Asubuhi moja jikoni, tui liliungua kidogo. Sefanaia alikuwa amesimama nyuma yake. Fimbo ilikuwa mbali, akainua mkono bila kufikiri, akamzaba kofi lililomwangusha juu ya kuni. Kisha akasimama akiutazama mkono ule. Ulikuwa wa kulia.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, njoo uone! Mkono umerudi!"

Lupesina alikuja mbio. Sefanaia akakunja vidole na kuvikunjua mbele yake, wakakumbatiana, kikongwe akapiga magoti hapo hapo kwenye majivu akimsifu Mungu. Ilibidi amsukume Fuatino kidogo apate nafasi ya kupiga magoti.

Jumapili Sefanaia aliuinua mkono kanisani, kanisa likalipuka kwa shangwe. "Mkewe atoe shukrani!" wakasema. Fuatino alisimama, kofia nyeupe ya majani ya kusuka kichwani, shavu moja limevimba mpaka jicho limefumba.

"Bwana, asante kwa mkono huu," aliomba. "Tuliuomba wote, nawe umetupa. Kazi yake ya kwanza umeiona. Hawa nao wanaiona, wakinitazama. Amina."

Hakuna aliyeitikia. Mama mchungaji alianzisha wimbo haraka, wengine wakaudaka. Baada ya ibada watu walimpisha mlangoni, hakuna aliyemshika bega. Ila Tiresa alimfuata nyuma, na usiku akaurudisha mkeka wake upande wa mama.

Mwaka uliofuata Lupesina alikanyaga jiwe la matumbawe, kidonda kikakataa kupona kwa sababu ya sukari, mguu ukaoza. Hospitali walitaka kuukata, akakataa. Homa ilipompanda alimfukuza mama mchungaji aliyekuja kumwombea.

"Mwiteni Fuatino. Maombi yake yanasikilizwa."

Fuatino akaja, akapiga magoti kando ya mkeka, akafumba macho. Akanyamaza.

Kikongwe akangoja. "Mbona huombi?"

"Nishaanza, mama."

"Omba kwa sauti!"

Nyumba nzima ilisikia inzi kwenye kitambaa cha kidonda. Lupesina alijaribu kuinuka, akashindwa, akaishika nguo ya mkwewe na kuivuta. "Unamwambia nini? Fuatino! Unamwambia nini?"

"Usinikatize, mama."

Aliomba hivyo mpaka mishumaa ikawashwa, uso wake mtulivu kama wa mtu anayesikiliza habari njema. Lupesina alilia kama mtoto, kisha akaanza kuomba radhi, ya kuonja chakula, ya migomba, ya yote. Fuatino hakufumbua macho. Alfajiri kikongwe alikata roho bado ameshika ile nguo, ikabidi Tiresa avifungue vidole vyake kimoja kimoja.

Alichoomba hakuna anayekijua. Tiresa aliwahi kumuuliza, akaambiwa akachote maji.

Lakini Sefanaia aliyaona yote akiwa amekaa nguzoni. Yuko hai mpaka leo, mzima, mikono miwili. Jioni baragumu likilia wanakaa watatu, na anayeongoza ni Fuatino. Anaomba kwa sauti chakula, mvua, wasafiri. Halafu ananyamaza, macho amefumba, na hapo Sefanaia huanza kutoka jasho.

"Amina," anasema upesi. "Amina, mke wangu. Basi. Tule."

Fuatino haharakishi.