Mtoto wa Kuazima

Mbinya alikuwa ameandikia kampuni nyingi hata akaacha kuhesabu. Za sabuni, za unga, za mafuta ya nywele, mkahawa mmoja wa Thika mjini, hata shule ya udereva. Wote aliwaambia neno lile lile: napiga video kwa simu, nazihariri mwenyewe, nipeni kazi ya kulipwa. Wengi hawakujibu. Kampuni moja ilimtumia katoni ya sabuni na shukrani. Nyingine ilimwambia kujulikana ni malipo tosha. Duka la nguo alilokuwa akiuza lilikuwa limefungwa. Mumewe, Maluki, alikwenda Kitui kutafuta kazi ya mjengo, simu zake zikapungua hadi zikakatika kabisa. Na Simeon, keateka aliyesimamia ploti yao ya vyumba vya kupanga pale Ngoingwa, alishamnong'oneza kwamba mwenye nyumba amechoka kungoja kodi na amemwagiza anunue kufuli ya mlango wake.

Jumatatu moja asubuhi, akianika nguo, ujumbe ukaingia.

"Habari Mama Kimanzi. Naitwa Rachael, niko na ajensi ya matangazo hapa Ruiru. Ulituandikia. Tumeangalia page yako na tukaipenda sana. Kimanzi siku hizi si anakaa mwenyewe? Tuko na kazi ya nepi za Mwororo. Ni video moja ya kuanza, na wanalipa vizuri."

Mbinya akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Ukurasa huo wa Mama Kimanzi aliuanzisha akiwa mjamzito. Wafuasi wake walimwona mtoto siku ya kwanza, wakamwona akiogeshwa, wakamwona alipocheka kwa mara ya kwanza akijitazama kwenye kioo. Hapo ndipo video zilipokomea. Kimanzi alikufa kwa nimonia mwezi wa Aprili, akiwa na miezi mitano, na mama yake hakuwahi kupata maneno ya kuliandika jambo hilo. Alinyamaza tu. Kwa hiyo kwa watu wa ukurasa ule Kimanzi alikuwa bado yu hai, na anaendelea kukua.

Aliusoma ujumbe mara tatu. Mfa maji haachi kutapatapa. Akaandika: "Ndiyo, anakaa. Hata kutambaa ameanza." Akautuma kabla moyo haujamkataza.

Mlango wa pili aliishi Nafuna, mama wa Marvin. Watoto hao wawili walipishana wiki tatu tu kuzaliwa. Nafuna ndiye aliyelala sakafuni nyumbani kwa Mbinya juma zima la matanga, mwanawe kifuani, akijitahidi asimnyonyeshe mbele ya mwenzake. Mbinya alimkuta akichambua mchele.

"Nafuna, naomba uniazime Marvin kesho. Saa moja tu."

"Uende naye wapi?"

"Hapa hapa kwangu. Ni tangazo la nepi."

Nafuna aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. "Wanajua ni mtoto wa nani?"

Mbinya aliinama akaokota jiwe lililodondoka. Mwenzake akaelewa, akaisukuma sinia kando.

"Utamwita nani?"

"Sitamwita jina lolote."

"Sawa," Nafuna akasema. "Lakini mimi nitakuwa hapo mlangoni."

Kesho yake saa nne, wakati jua lilipofika kitandani kupitia dirishani, Mbinya alitandika shuka jeupe na kuegemeza simu kwenye sufuria. Marvin alikuja amevaa fulana yenye madoa ya uji. Mbinya akaitazama fulana hiyo, kisha akainama akavuta begi lililokuwa uvunguni. Hakuwa amelifungua tangu Aprili. Akatoa shati la manjano la mwanawe, ambalo lilinunuliwa kubwa makusudi ili alivae akikua, na sasa lilimtosha Marvin sawasawa.

Mikono haikuwa imesahau chochote. Ilimwinua mtoto miguu, ikamfuta, ikaikunja nepi na kuifunga bila kuangalia. Marvin akacheka na kumshika pua. Mbinya naye akacheka, kicheko ambacho hakujua kama bado anacho, na simu ikakinasa chote. Kisha mtoto akaanza kujipindua akimbie.

"Tulia, Kimanzi," akasema. "Tulia, baba."

Kule mlangoni Nafuna hakusogea. Marvin, asiyejua lolote, aliendelea kuvuta kona ya shuka.

"Maliza kazi yako," Nafuna akasema mwishowe, sauti chini. "Lakini ukimaliza, hilo shati umvue."

Video ilikuwa nzuri, na Mbinya mwenyewe alijua. Alilikata jina likatoka, akaacha kicheko, akaituma. Siku iliyofuata Rachael akapiga simu, furaha imemjaa.

"Mama Kimanzi, client amependa mpaka hataki mtoto mwingine. Sasa wanataka sura yake iwe kwa pakiti yenyewe. Ukuje kesho Alhamisi naye hapa Ruiru, ubebe na birth certificate tuandikishane."

Cheti alikuwa nacho. Kilikuwa kwenye bahasha moja na kibali cha mazishi. Alikichomoa kimoja akakiacha kingine, akaenda tena mlango wa pili, na safari hii hakuketi. Alieleza haraka haraka: picha za siku moja, pesa watagawana nusu kwa nusu, hakuna atakayejua.

"Hiyo hapana," Nafuna akasema.

"Nitafukuzwa, Nafuna. Nitaenda wapi?"

"Najua. Na ningekuwa na pesa ningekupa. Lakini mtoto wangu abandikwe kwa maduka yote na jina la marehemu? Nitakuwa nikimwangalia aje?"

"Ni rahisi wewe kusema," Mbinya akajibu. "Wewe wako yuko."

Alitoka bila kuangalia nyuma. Alipofika chumbani kwake alikitazama cheti mkononi, na kwa mara ya kwanza alijiogopa.

Alhamisi alikwenda Ruiru peke yake. Njia nzima alitunga uongo wa kununua siku chache: angesema mtoto anaumwa, na kufikia Jumatatu pengine Nafuna angelegea. Ofisi ilikuwa ghorofa ya tatu. Wanawake wengine watatu waliketi kwenye benchi, kila mmoja na mtoto mapajani, na chumba kizima kilinukia poda na maziwa. Rachael, binti mwembamba mwenye miwani, alitoka akitazama nyuma ya Mbinya kama anayemtafuta mtu.

"Kimanzi umemwacha wapi?"

"Ana homa," Mbinya akaanza.

Neno hilo akalitambua. Ndilo alilomwambia daktari mwezi wa Aprili, ana homa tu, tangu jana. Akashika ukuta.

"Kimanzi alikufa," akasema. "Yule wa video ni wa jirani yangu. Nilidanganya kwa sababu nilihitaji kazi."

Mama mmoja kwenye benchi akamvuta mwanawe karibu. Rachael alimshika Mbinya mkono, akamwingiza chumba cha ndani, akafunga mlango. Akafunika uso kwa viganja.

"Pole sana," akasema. "Naongea ukweli, pole. Lakini unajua umeniweka wapi? Hiyo video iko na client tayari. Nitawaambia nini?"

"Waambie ukweli. Ni mimi nilikosa."

"Hii kazi imeisha, Mbinya. Na hiyo video siwezi kuilipia."

"Najua."

Aliteremka ngazi kama anayeshuka kisimani. Aliporudi Ngoingwa hakuingia kwake. Alimkuta Nafuna akimlisha Marvin ndizi, akasimama mbele yake.

"Lile neno nililokwambia halikufaa kusemwa. Nisamehe."

Nafuna alimsogezea kigoda. "Keti. Wamekulipa?"

"Hapana. Niliwaambia ukweli."

Jioni ile Mbinya aliufungua ukurasa wake akaandika mistari minne: kwamba mwanawe alifariki, tarehe, ugonjwa, na kwamba alinyamaza kwa kuwa hakujua aseme nini. Kisha akaizima simu. Jumamosi Simeon alikuja na kufuli, akiona haya, akamwacha atoe vitu vyake taratibu. Vikaingia kwa Nafuna, na yeye pia.

Ilipita karibu mwezi kabla Rachael hajapiga tena. Hakuuliza hali kwa kirefu. "Kuna mtu wa chakula cha kuku huko Mugutha. Ni kitu kidogo, lakini ni ya kulipwa. Nilimwambia najua mtu anajua kupiga video. Na nikamwambia yote, usije ukafikiri nilificha."

Mwenye biashara hiyo aliitwa Kahiga, mzee wa gambuti miguuni na maneno machache. Alimpeleka kwenye banda lenye vifaranga mia tano wakilia chini ya taa, akamtazama akipiga magoti kwenye maranda, akiokota kifaranga kimoja na kuishusha simu hadi usawa wa macho yao.

"Unawashika vizuri," Kahiga akasema. "Uko na watoto?"

Kifaranga kilikuwa kinahema kiganjani mwake.

"Nilikuwa na mmoja," Mbinya akasema. "Alikufa Aprili." Kisha akamwomba mzee asogee kidogo, alikuwa amekinga taa.