Harufu ya Gereji

"Samahani, harufu hii ya gereji ni yako?" daktari wa mifugo aliuliza huku amekunja pua, kiganja chake kikiwa kimetulia juu ya mbavu za mbwa.

"Ni yangu," fundi alijibu haraka. "Nimetoka kazini moja kwa moja."

Uongo mtupu. Alikuwa ameoga, akajisugua kwa sabuni ya unga mpaka ngozi ikamwasha, kisha akavaa shati lake la kwendea harusini. Harufu ilitoka kwa Mstaafu, mbwa wa mama mkwe wake, aliyelala juu ya meza ya chuma akitetemeka na kudondokwa na mate. Lakini ukiwa fundi wa magari, nani atauliza mara mbili kwa nini chumba kinanuka oili?

Mama mkwe alisimama upande wa pili, ameshika sikio la mbwa. Aliusikia uongo ule.

Mstaafu alikuwa na upele tu. Manyoya ya kiunoni yalinyonyoka, akawa anajikuna mchana kutwa, na mama mkwe akataka kumleta hapa. Ni fundi aliyejitia kimbelembele. "Daktari wa nini, mama? Dawa ya upele wa mbwa ni oili chafu. Niachie mimi." Pale gereji kila mbwa wa upele alipakwa oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Waliopona walisifiwa, waliokufa hawakutajwa tena. Oili ya jana ilikuwa nzito, akaizimua kwa petroli, akampaka mbwa toka shingoni hadi mkiani. Mbwa naye akajilamba, kama mbwa yeyote. Asubuhi walimkuta chini ya karo la kufulia, miguu haimbebi. Wakamwogesha mbio mbio. Rangi ilitoka, harufu ikabaki.

Ukutani palikuwa na bango la magonjwa ya mbwa. Juu, kwa herufi kubwa, yalikuwa yale ya kila siku: upele, kupe, minyoo, masikio. Yale adimu yalibanwa chini kabisa, na huko ndiko macho ya fundi yalikokuwa yakihangaika.

"Daktari, haiwezi kuwa hii ya tezi? Wameandika hapa mbwa hutetemeka na kutapika."

"Hiyo sijawahi kuiona hata kwa mbwa mmoja, kaka yangu. Huyu amekula kitu. Nyumbani mna sumu ya panya?"

Fundi alilitazama bango. Mama mkwe alimtazama fundi, akangoja, kisha akainamisha kichwa.

"Labda ni mimi, mwanangu," alimwambia daktari. "Uzee huu. Huwa naweka sumu nyuma ya jiko. Huenda nilisahau kuitoa."

Hakuwa na sumu yoyote. Panya wa nyumba ile walikuwa kazi ya Mstaafu, na fundi alilijua hilo vizuri.

"Mama, na wewe mtu mzima!" daktari alisema, akafungua kabati na kuvuta dawa kwenye sindano. "Sasa tumtapishe upesi, kabla haijaenea."

Mama mkwe alipokea kemeo lile kwa kuitikia kwa kichwa, kama mtoto aliyevunja kikombe. Fundi alitamani sakafu ipasuke immeze.

Tumtapishe. Kule gereji mwenzao mmoja aliwahi kuvuta petroli kwa mpira, akaimeza. Wakamnywesha maji ya chumvi atapike, ikamwingia mapafuni. Mpaka leo hawezi kupanda ngazi bila kukaa katikati apumzike. Wazo lilimjia fundi kwamba huyu ni mbwa tu, na mama mkwe alishalimaliza jambo kwa heshima. Alilionea haya kabla halijaisha.

"Usimtapishe!" Sauti ilitoka kubwa mno kwa chumba kile. "Ni oili. Oili chafu na petroli. Nimempaka mimi, daktari. Mama hana sumu yoyote."

Daktari aliishusha sindano polepole.

"Ungenyamaza kidogo tu, ingemwingia mapafuni."

"Najua."

"Ulikuwa unajua?"

Uso ulimwaka fundi mpaka masikioni.

"Leta beseni lile na sabuni ya vyombo," daktari alisema. "Na upele wenyewe, ungemleta juzi, ningemtibu akarudi nyumbani kwa miguu yake."

Walimwosha tena, safari hii taratibu, povu likitoka kijivu.

"Mama, nisamehe."

"Shika kichwa, maji yasimwingie puani," alisema mama mkwe. Siku zote humwita mkwewe "baba". Leo hakumwita chochote.

Baadaye mbwa aliwekewa maji ya mshipani. Daktari alisema wasubiri hadi kesho, asiahidi zaidi. Mstaafu alifumbua macho. Fundi akamnyooshea mkono. Mbwa alinusa vidole, akageuza pua, akaifukia kwenye gauni la mama mkwe.

Fundi hakuurudisha mkono. Aliuacha pale ukingoni mwa meza, kiganja juu, oili bado imo kwenye mistari yake.