Madonge Manne ya Uzi Mwekundu

Uzi ulikuwa mwekundu, madonge manne, na Chhotalal ndiye aliyemnunulia mkewe Maniben huko Arusha wiki tatu kabla ya moyo wake kusimama. Maniben alipanga kujifumia shali. Badala yake alivishwa nyeupe, akaambiwa nyekundu ni ya wenye waume, naye akaufungia uzi sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza nondo. Ulikaa humo miaka kumi na tisa.

Sasa Twinkle, mke wa mwanawe Hemant, alikuwa na mimba ya miezi saba. Jumapili ile wanawake wa Kihindu wa mjini Singida wangekusanyika nyumbani kwao Utemini, wamjaze mchele na nazi mapajani, wamwombee mtoto heri. Maniben alitaka kumpa mkwewe zawadi aliyoifuma mwenyewe, na uzi mwingine hakuutaka.

Wifi yake, dada wa marehemu, alikuwa amekuja kutoka Dodoma kusimamia shughuli, wala hakuna aliyemwomba asimamie. Alipouona uzi alimvuta Maniben pembeni, kwa upole ule wa watu wanaokuja kukunyima kitu. Alimkumbusha kwamba mjane hamgusi mjamzito siku kama hiyo, kwa hiyo akae jikoni mpaka shughuli iishe. Ila kama mikono inamwasha sana, basi afume soksi za mtoto. Zitavaliwa baada ya kuzaliwa, na hakuna atakayeuliza zimetoka kwa nani.

Hemant alisikia yote, akajifanya anatafuta funguo.

Maniben akafuma soksi. Kukubali alikuwa amekuzoea, na mtu ukizoea jambo huoni hata uzito wake. Siku ya pili zilikamilika, nzuri kweli, zote mbili zikaenea kwenye kiganja kimoja. Akafumba mkono, zikapotea. Hapo ndipo hasira ilipompanda. Miaka kumi na tisa amekaa jikoni kwenye shughuli za watu akikaanga sambusa, na leo anamfumia mjukuu wake wa kwanza kitu cha kufichwa. Alizifumua zote mbili, mstari kwa mstari, akauviringisha uzi upya.

Alifikiria kofia, akaikataa kwa sababu ileile. Blanketi la mtoto nalo lingetiwa kabatini kungoja. Alitaka kitu cha kuvaliwa Jumapili hiyohiyo, mbele ya macho ya watu, na kwa upepo wa Singida wa mwezi wa saba nani angebisha kwamba mjamzito anahitaji kufunikwa mabega? Akaanza shali. Wifi alipouliza soksi zimefikia wapi, alijibiwa kwamba kazi inaendelea.

Jumapili, wifi alipokuwa akiwaita wenye waume mmoja mmoja waje mbele, Maniben alitoka jikoni. Shali alikuwa ameitanda yeye mwenyewe, nyekundu juu ya sari nyeupe. Alipita katikati yao hadi alipoketi Twinkle, akaivua, akamfunika nayo mabega ingali na joto la mwili wake.

"Wifi, utamletea mtoto mkosi," dada wa marehemu alisema.

"Mikono hii ndiyo iliyomlea Hemant baada ya baba yake kufa," Maniben alisema. "Ilimwogesha, ilimlisha, ilimuuguza malaria usiku na mchana. Siku zile hukuniambia ina mkosi."

Wifi akamtazama Hemant, aliyesimama mlangoni, amsaidie. Hemant alikuwa akitazama chini. Twinkle ndiye aliyejibu. Alishika upindo wa sari yake, akautandaza mapajani mbele ya mama mkwe wake.

"Nijaze, mama," alisema.

Waliotangulia walikuwa wamechota konzi mojamoja, kwa adabu. Maniben alilivuta sinia lote la mchele, akachota kwa mikono miwili, akajaza, akajaza tena mpaka mchele ukamwagika sakafuni, na hakuinama kuuokota.